Manasseh Obwocha, Aliyekunywa Kahawa Bila Sukari

Leo, Jumatatu tarehe 15 Agosti 1977, tumekusanyika hapa Mosocho kumzika Manasseh Obwocha. Maneno haya yanasomwa na ndugu yake mdogo, Zachariah Momanyi. Mjane wake, Persis Nyamoita, ndiye aliyeyaandika kwa penseli katika daftari, na karani wa mjini akayapiga chapa. Ameomba yasomwe yote bila kurukwa, hata pale yatakapokuwa magumu, kwa sababu marehemu hakupenda kitu kilichotiwa sukari ili kimezeke.

Manasseh alizaliwa hapa hapa Mosocho mwaka wa 1921, mtoto wa pili wa Mzee Obwocha na Mama Nyanchama. Tarehe hakuna aliyeiandika. Mama yake alikumbuka tu kwamba wimbi shambani lilikuwa limeanza kuinamisha vichwa, na kwamba mtoto alilia kwa sauti nzito mpaka mkunga akasema huyu amezaliwa na mafua. Hayakuwa mafua. Ndiyo iliyokuwa sauti yake, na wengi wetu tuliifahamu sauti hiyo kabla ya kuufahamu uso.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1932 hadi 1936, akafika darasa la nne. Hesabu ilimshinda, kuimba hakukumshinda. Mwaka wa 1937 baba yake alipata miche ya kahawa, na tangu hapo Manasseh alijua kazi ya mti huo: kuchimba mashimo, kubeba samadi, kupogoa, kuchuma matunda mekundu na kuyaacha ya kijani. Mwaka wa 1938 alibatizwa mtoni. Katika mafundisho ya ubatizo walifundishwa kwamba pombe, tumbaku, chai na kahawa si vitu vya mtu wa Mungu. Vyote vilitajwa kwa pumzi moja. Wakati ule hakuna aliyeumia, maana kahawa kwetu ilikuwa kitu cha kubebwa mgongoni kupelekwa mbali. Nani angeinywa?

Tarehe 14 Desemba 1944 alimwoa Persis Nyamoita, binti wa Itumbe. Persis alikuwa ameisikia besi ya Manasseh katika mkutano wa makambi, akiwa amekaa upande wa wanawake, akageuka kutafuta mzee gani anayeimba vile. Akamwona kijana mwembamba mwenye shati lililotiwa kiraka. Walijaliwa watoto wawili, Bochaberi na Makori.

Kuanzia mwaka wa 1952 Manasseh alifanya kazi katika kiwanda cha ushirika cha kahawa, kwenye meza za kuanikia. Kazi yake ilikuwa kugeuza kahawa iliyotoka majini, kuifunika mvua ikija na kuifunua mvua ikienda. Hapa kwetu mvua huja karibu kila alasiri kama mtu aliyeahidi, kwa hiyo kazi hiyo haikuwa na kukaa. Mwaka wa 1958 alihama, akaenda Nyansiongo kwenye mashamba ya wazungu, akaajiriwa jikoni. Watu walimcheka sana. Kwetu mwanamume hakai mekoni. Shemeji zake wa Itumbe walimwuliza Persis, "Siku hizi anayepika ni nani, ni wewe au ni yeye?"

Persis akawajibu, "Anapika Nyansiongo. Akifika hapa hajui hata chumvi iko wapi."

Kwa miaka mitatu alimpikia mama wa ile nyumba kahawa kila asubuhi bila kuionja hata tone, kwa kuwa alikuwa mtu aliyebatizwa. Aliipima kwa macho na kwa pua. Asubuhi moja ya Januari 1961 yule mama alisukuma kikombe mbele, akasema, "Leo ni mbaya. Wewe unaonaje?"

"Sijui, memsahib."

"Hujui vipi? Si wewe uliyeipika?"

"Nimeipika. Sijawahi kuionja."

Yule mama akamtazama kama mtu aliyegundua kwamba dereva wake ni kipofu. Akammiminia kidogo katika kikombe kingine, akakisogeza.

Manasseh alipokuja nyumbani likizo alimsimulia mke wake, hakuficha. "Nilitaka kuitema," alisema.

"Kisha?"

"Kisha sikutema."

Persis alingoja aseme kwamba ametubu. Hakusema hivyo. Alisema, "Mama Bochaberi, tangu nikiwa na miaka kumi na sita naubeba mti huu mgongoni. Nimezeeka nao na sikujua una nini ndani."

Mwaka wa 1963 wazungu waliondoka, mashamba yakagawanywa, na Manasseh akarudi Mosocho. Alichokuja nacho ni kikombe kimoja kidogo cheupe chenye mstari wa buluu, kisicho na kisahani. Mwaka uliofuata alirudi kiwandani, akawa msimamizi wa meza za kuanikia mpaka mwaka wa 1975. Waliofanya kazi chini yake wako hapa na wanajua hakumtukana mtu, ila alikuwa na jicho la kukutazama ukaona aibu mwenyewe.

Sasa ni lazima kahawa yake isimuliwe, kwa kuwa ndiyo iliyoyageuza maisha yake na ya nyumba yake.

Persis alimwambia mapema: sufuria zangu usiguse, jiwe langu la kusagia wimbi usiguse, na mekoni kwangu kitu hicho kisiingie. Manasseh hakubishana. Alipanga mafiga matatu nyuma ya nyumba, karibu na migomba, akatafuta kigae cha chungu kilichovunjika cha kukaangia, akabeba jiwe lake mwenyewe kutoka mtoni. Kahawa aliyoitumia ni yale matunda yaliyokaukia mtini, ambayo wachumaji huyaita mbuni na kiwanda hakiyataki. Hakugusa iliyo nzuri ya kupelekwa kiwandani. Aliyaanika kwenye mkeka, akayatwanga taratibu ili ganda liachane na punje bila punje kuvunjika, akapepeta kwa ungo. Mwanamume na ungo. Jirani yetu Machogu alikuwa akisimama upande wa pili wa ua, anamwita, "Manasseh, uliolewa lini? Hatukualikwa."

"Njoo nikupikie," Manasseh alimjibu, "ndipo ujue kama ng'ombe walitosha."

Kukaanga ndiko kulikokuwa na siri. Alitaka moto wa kuni ndogo, kigae kisiwe chekundu, na mkono usisimame. Punje hulia mara mbili, alisema. Mara ya kwanza hulia kwa sauti kubwa kama kijiti kinachovunjwa, na wengi hudhani imeiva. Hiyo bado. Husubiriwa zinyamaze, kisha hulia tena kwa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona. Zikianza tu kunong'ona, ziepuliwe. Ukingoja zimalize umeziua. Alizimwaga kwenye ungo, akazipepea, akazilaza ndani ya kibuyu siku mbili bila kukiziba, kwa sababu kahawa iliyokaangwa leo, alisema, bado ina hasira.

Maji yalitoka kisimani pa juu, hakutaka ya mtoni. Yakichemka aliyaepua, kwa maana maji yanayoruka huiunguza. Akatia unga wa kahawa. Kisha, badala ya kutazama saa ambayo hakuwa nayo, aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kufungulia ibada, bila haraka, kwa ile besi yake. Ubeti ukiisha alinyamaza, akangoja unga ushuke chini wenyewe. Hakukoroga. Alikuwa amekwisha kukitia kikombe maji ya moto ili kisiwe baridi, akayamwaga, akamimina. Hakutia maziwa wala sukari. Makori alipoanza kazi Nairobi alimletea kopo la kahawa ya unga ambayo hutiwa maji ikawa tayari. Baba yake aliinywa yote kwa heshima, akakirudisha kikombe na kusema, "Asante, mwanangu. Ila hii ilishanywewa na mtu mwingine."

Persis alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni. "Dawa ya minyoo watu hunywa mara moja kwa mwaka," alimwambia. "Wewe kila siku?"

"Minyoo yangu ni sugu."

"Na wimbo wa Bwana unaufanya saa."

"Saa nzuri kuliko hiyo ni ipi?"

Aliinywa kila siku isipokuwa Sabato, kwa kuwa Sabato hakuwasha moto. Na kila mara, akimimina, alisogeza kigoda cha pili karibu na mafiga, akamtazama mke wake. Hakumwita. Persis hakwenda. Yeye alikuwa akiomba kila asubuhi kwamba mume wake aiache kwa hiari, kwa kumpenda yeye kama si kwa kumcha Mungu.

Mwaka wa 1967 kanisa letu la kilimani lilitaka kumfanya Manasseh shemasi. Ilikuwa heshima aliyoitamani, hakuna haja ya kuficha. Jumapili tarehe 12 Machi baraza likaketi, na Mzee Nyamweya, aliyekuwa mzee wa kanisa, akasema amesikia maneno nyuma ya migomba. Manasseh akasema ni kweli kuna maneno, na kwamba kabla hajajibu naye anaomba kuuliza.

"Mabati haya juu yetu yametoka wapi, mzee?"

"Yametoka kwa kahawa," Nyamweya alisema. "Tunaiuza. Hatuinywi."

"Kwa hiyo dhambi tunawatilia wengine kwenye magunia?"

Nyamweya hakuwa mtu mkali, na jambo lile lilimwumiza. Persis anadhani wote waliokuwapo wangependa liishie hapo. Lakini kanuni ni kanuni, akamgeukia Persis, aliyeitwa kama mke wa anayependekezwa. "Dada Persis, wewe ndiye unayelala na kuamka naye. Anakunywa?"

Wanaume wote waliinamisha macho sakafuni. Walikuwa wakimpa nafasi. Angesema neno moja dogo, au angenyamaza tu, na mume wake angetoka mle ndani akiwa shemasi. Persis alimtazama Manasseh, na Manasseh hakumpa ishara yoyote.

"Anakunywa," alisema.

Jina la Manasseh lilifutwa katika kitabu cha washiriki siku hiyo hiyo. Ushemasi akapewa Machogu. Wakiwa njiani kurudi nyumbani Persis alilia, akamwambia, "Nimekuharibia."

"Ungewaambia hapana," Manasseh alisema, "leo ningelala na mtu nisiyemjua."

Sabato iliyofuata Persis alidhani atakwenda kanisani peke yake. Alipotoka alimkuta Manasseh uani amevaa koti, ameshika Biblia yake na kitabu chake cha nyimbo. Walitembea pamoja mpaka lango la kanisa. Pale akampa vitabu vyake, yeye akaketi juu ya jiwe lililo nje ya ua. Hakuna aliyemkataza kuingia na kukaa nyuma kama mgeni. Alisema yeye si mgeni. Wimbo ulipoanza, besi ikasikika kutoka nje, dirishani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Sabato kwa miaka kumi. Wanakwaya walizoea kumngoja aingie na sauti yake. Siku za mvua kubwa, alipokuwa hasikiki, wimbo ulionekana kama nyumba iliyoondolewa nguzo moja.

Haja kubwa ya Persis katika miaka hiyo kumi ilikuwa moja tu, kwamba jina la mume wake lirudi kitabuni kabla ya mmoja wao kufa. Hakuomba kitu kingine. Yeye alingoja mume aache kikombe, na mume alingoja mke aje aketi kwenye kigoda. Walipendana sana, na kila mmoja alimngoja mwenzake.

Mwezi wa Oktoba 1976 Manasseh alianza kusema chakula kinakwama. Alipelekwa hospitali mjini Kisii mwezi wa Januari, akapimwa, akaambiwa ni saratani ya umio. Maneno yalianza mara moja. Watu walisema ni kile kinywaji cheusi kilichomchoma. Persis alimwuliza daktari mwenyewe, na daktari akasema hajui, wako wengi wenye ugonjwa huo ambao hawakuijua kahawa. Jibu hilo hakulitangaza kwa mtu, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwuliza. Walikuja na jibu lao. Kufikia Mei Manasseh hakuweza kumeza kitu kigumu. Kufikia Julai alimeza maji kwa kijiko, na mengine yalirudi. Kikombe cheupe kilikaa juu ya rafu, kikafunikwa na vumbi.

Mwishoni mwa Julai Mzee Nyamweya alileta habari. Alisema amezungumza na mchungaji. Kwa kuwa Manasseh hanywi tena, na nyumba haina tena kitu hicho, watakuja Jumapili tarehe 7 Agosti, saa nane mchana, washuhudie, waombe, na jina lirudishwe. Persis alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Juma zima alipaka udongo kuta, akafua mapazia, akafagia hata nyuma ya migomba.

Asubuhi ya Jumapili hiyo Manasseh alimwita. Sauti yake wakati huo ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Mama Bochaberi, nataka kitu kwako."

"Sema."

"Ile mbuni ya mwaka jana. Iko ndani ya kibuyu, juu ya ghala."

Persis aliketi. "Huwezi kumeza, Baba Bochaberi."

"Sitaki kumeza. Nataka kuinusa. Mimi siwezi kusimama, na nje ni mbali."

"Leo wanakuja."

"Najua wanakuja."

"Miaka kumi, Manasseh." Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina.

"Kumi na minne," alisema, "tangu niweke kile kigoda."

Persis alitoka, akasimama uani kwa muda. Jua lilikuwa bado upande wa asubuhi. Alihesabu kwamba mpaka saa nane harufu itakuwa imekwisha kuondoka. Akapanda ghalani.

Alitwanga, akapepeta, akaileta mekoni kwake, kwenye moto wake, sufuria yake. Mlango wa mekoni unatazamana na chumba alicholala, kwa hiyo Manasseh aliweza kusikia kila kitu. Punje zilipolia kwa sauti mara ya kwanza akaepua, akampelekea kwenye ungo. Alinusa. "Hii bado ni majani," alisema. "Ianze upya."

Akaanza nyingine. Safari hii aliogopa kuwahi, akachelewa, moshi ukajaa nyumba. Kutoka kitandani akasikia, "Hiyo umeiua."

"Wewe ndiye uliyesema ningoje."

"Nilisema ngoja zinong'one. Hizo zimepiga mayowe."

Persis alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Januari. Ya tatu aliikaanga ameinamisha sikio juu ya sufuria kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto, na zilipoanza kunong'ona akaepua. Alipomletea, Manasseh aliupokea ungo. Aliushikilia karibu na uso wake, akafumba macho. Kisha akasema haina haja ya kulala siku mbili, yeye hana siku mbili za kutoa. Akaomba isagwe, ichemshwe.

Basi saa zilikuwa zimekwenda, na Persis hakutazama mbingu. Nyuma ya kilima cha Itumbe mawingu yalikuwa yamesimama mapema kuliko kawaida, na Nyamweya na Machogu, wakiwa wameona mvua itawakuta njiani, waliondoka saa sita badala ya kungoja. Walikuwa wakipanda njia ya kuja kwetu wakati Persis alipoepua maji na kutia unga wa kahawa.

"Ubeti mmoja," Manasseh alisema. "Si wa haraka."

Persis akaimba. Alipofika mstari wa tatu alisikia sauti mbili za wanaume zikiimba pamoja naye nje ya mlango. Nyamweya na Machogu walikuwa wamevua kofia, wamesimama uani, wakifikiri wamekuta ibada. Alijua mara moja ni nani. Angeweza kunyamaza na kuifunika sufuria. Lakini ubeti ulikuwa haujaisha na ndio uliokuwa kipimo, kwa hiyo akaumaliza. Kitandani midomo ya Manasseh ilikuwa ikienda, bila sauti. Kisha wote wanne wakanyamaza, ndani na nje, na unga ukashuka chini.

Walipoingia alikuwa anamimina. Nyamweya alikuwa na kitabu cha washiriki chini ya kwapa, kimefungwa kwa kitambaa ili mvua isikiguse.

"Dada Persis," alisema, "hiki ni nini?"

"Ni kahawa, mzee."

"Ni ya nani?"

"Ni yake."

Manasseh aliinua mkono kutoka kwenye blanketi. "Karibuni mketi," alisema. "Siinywi, mzee. Imenishinda. Naisikia harufu tu."

Nyamweya aliketi. Alifungua kitambaa, akakiweka kitabu magotini, akapitisha kiganja juu ya jalada. "Kunusa sijaona kumeandikwa popote," alisema polepole, na Persis akaona kwamba mzee yule alikuwa anatafuta njia.

Machogu ndiye aliyesema, wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu anayefuata kanuni kama alivyofundishwa. "Huyo ananusa, sawa. Na aliyeipika? Nyumba ilikuwa iwe safi. Tutaandika tumeona nini?"

Nyamweya aliomba maombi marefu, akamtaja Manasseh kwa jina mara tatu. Kisha akakifunga kitabu tena kwa kitambaa. Alisema atazungumza na mchungaji, watarudi. Matone ya kwanza yalianguka walipokuwa wanavuka ua.

Persis alibaki amesimama katikati ya chumba na kile kikombe. Akakwenda mlangoni kukimwaga.

"Usiimwage," Manasseh alisema. "Mtu aliipalilia."

"Sasa niifanye nini?"

Manasseh aliusogeza mguu wake kidogo ndani ya blanketi, kumpa nafasi ya kuketi. Persis akaketi kitandani na kuinywa. Alitaka kuitema, akaimeza.

"Ni chungu," alisema.

"Ndiyo. Ngoja kidogo."

Akangoja. Mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati na hawakuweza kusemezana, kwa hiyo aliinywa yote mpaka penye unga, na mume wake akimtazama. Persis ameomba jambo hili lisomwe mbele ya kanisa na mbele ya majirani, ili baraza likiketi asiitwe mtu mwingine kuulizwa. Kama alivyosema kweli juu ya mumewe, anasema kweli juu yake mwenyewe. Alikunywa. Hajui kama ni dhambi, na amemwuliza Mungu, na bado anangoja. Anachojua ni kwamba kigoda kile kilikaa wazi miaka kumi na minne, na yeye alikuwa hatua ishirini kutoka hapo.

Manasseh alifariki Alhamisi tarehe 11 Agosti 1977, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na sita. Nyamweya alikuwa bado hajarudi. Mchungaji alikuwa safarini, na hilo si kosa la mtu. Ndiyo maana mnaona mazishi haya yanaongozwa na familia, na kitabu cha washiriki hakiko mezani. Mzee Nyamweya amekuja kama jirani, amechimba kaburi pamoja na vijana tangu jana, na Machogu ameleta mbao za jeneza. Familia inawashukuru. Mkono wa mtu na kanuni yake si kitu kimoja, na Persis anajua hivyo kuliko wengi, kwa sababu naye alikuwa na kanuni.

Marehemu amemwacha mjane wake, Persis Nyamoita, binti yake Bochaberi, aliyeolewa Itumbe, mwanawe Makori wa Nairobi, wajukuu watano, na ndugu yake Zachariah Momanyi, anayesoma. Ameacha pia kahawa yake pale chini, iliyoiva juma hili, na tunaomba majirani watusaidie kuichuma.

Kaburini hatutaimba nyimbo nyingi. Tutaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kufungulia ibada, bila haraka. Mahali pa besi tutapaacha wazi. Ubeti ukiisha, tafadhali mtu asianze mwingine na wala asishike jembe. Tunyamaze wote, kama alivyokuwa akinyamaza yeye, tungoje mpaka kilichochafuka kishuke chini chenyewe. Ndipo udongo utiwe.

Alale salama Manasseh Obwocha, na asubuhi ile kubwa itakapofika aitwe kwa jina lake, liwe limeandikwa au halikuandikwa.